Marehemu Martin Kayamba na Chama cha Makarani wa Tanga



Baada ya hesabu za ada na taarifa za vikao, kurasa chache za kijitabu hiki huachiwa maisha ya mtu mmoja aliyekwisha tangulia, ambaye kazi yake yahusiana na kazi yetu. Safari hii nimemchagua mtu wa pwani, wala si wa milima ya Nyambene. Wapo watakaouliza Mbondei wa Tanga ana nini na Waigembe wa Laare. Sisi tunaosimulia kwamba wazee wetu walitoka Mbwaa, kando ya bahari, hatuna haki ya kuiona pwani kuwa nchi ya kigeni. Lakini sababu yangu ni nyingine. Mtu huyu alikuwa karani, naye alianzisha chama cha kujisaidia na kufurahiana zamani sana, wakati vyama vya namna hii vilikuwa bado haba katika Afrika ya Mashariki. Tena mambo yaliyokipata chama chake ndiyo yale yale tunayoyabishania sisi katika mikutano yetu: nani aruhusiwe kuingia, chama kiseme nini mbele ya Serikali, na mzigo wake ubebwe na mabega ya nani.

Jina lake ni Martin Kayamba Mdumi. Alizaliwa Mbweni, katika kisiwa cha Unguja, tarehe 2 Februari 1891. Mbweni palikuwa shamba la misheni ya UMCA, mahali walipokaa watu waliookolewa katika majahazi ya biashara ya watumwa. Watu hao walikuwa wa makabila mengi ya bara, wengine hawakujua hata njia ya kurudi kwao, na Kiswahili ndicho kilichowafanya kuwa majirani. Baba yake, Hugh Peter Kayamba, hakuwa mtumwa. Alikuwa Mbondei na mwalimu, naye ni mmoja wa Waafrika wachache waliopelekwa Uingereza kusoma katika miaka ya 1880, katika shule ya Bloxham. Kwa nasaba walijihesabu kuwa wa ukoo wa Kimweri, mtawala mkuu wa Usambara. Basi mtoto huyu alikuwa na mambo mawili tangu utotoni: fahari ya ukoo wa kitawala, na mazoea ya kukaa na watu ambao ukoo wao ulikatwa na pingu. Nimeyaweka pamoja kwa makusudi, maana katika maisha yake yote mambo hayo mawili yalivutana.

Alisoma Kiungani, katika chuo cha Mtakatifu Andrea, hapo Unguja. Vijana wa Kiungani walitoka Magila, Masasi, Nyasa na kwingineko. Walifundishwa Kiingereza na Kiswahili pamoja, na huko mpira wa miguu ulichezwa tangu zamani. Wazee wanaodhani mpira ni upuuzi wa vijana na wasubiri kidogo, tutaurudia.

Alipotoka shuleni alitafuta riziki kwa kalamu. Alivuka akaja kufanya kazi ya ukarani katika nchi hizi za Kenya na Uganda. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, na kila penye stesheni palikuwa na ofisi, na kila ofisi ilitaka mtu wa kuandika barua na kutunza daftari. Nafasi nyingi za namna hiyo zilishikwa na Wahindi na Wagoa, na Mwafrika aliyejua Kiingereza aliangaliwa kama kiroja. Hata hivyo Kayamba alifanya kazi, akahama huku na huko, akaiona Kenya ya walowezi kwa macho yake mwenyewe. Aliyoyaona hakuyasahau, na baada ya miaka mingi yalimfaa.

Mwaka 1914 alikuwa katika nchi iliyotawaliwa na Wadachi, yaani Tanganyika ya baadaye, vita vikuu vilipoanza. Majeshi yaliyotumwa na Waingereza kutoka Bara Hindi yalishuka Tanga mwezi wa Novemba mwaka huo yakashindwa vibaya. Tangu hapo kila Mwafrika aliyesoma kwa Waingereza alishukiwa kuwa mpelelezi. Walimu na mapadre wengi wa UMCA walitiwa kizuizini, na Kayamba pamoja nao. Majeshi ya Ubelgiji yalipoiteka Tabora mwezi wa Septemba 1916, milango ya kifungo ilifunguliwa. Alirudi pwani, na Tanga ilikuwa imekwisha kuwa mikononi mwa Waingereza tangu mwezi wa Julai mwaka ule ule. Serikali mpya ilihitaji watu wa kuifasiria maneno. Mwaka 1917 akaingia kazini.

Hapa yapasa nieleze hali ya mji wa Tanga, maana bila kuielewa hamtaona kwa nini klabu ya makarani ilikuwa jambo kubwa. Tanga ilikuwa bandari ya mkonge na mwanzo wa reli ya Usambara. Wadachi walikuwa wamejenga hapo shule ya Serikali yenye sifa, na vijana waliotoka humo, wengi wao Waislamu wa pwani, walikuwa makarani, walimu na maakida. Walijua Kiswahili safi na hesabu, na Kidachi kidogo. Walipoondoka Wadachi, elimu yao ikawa kama fedha ya mfalme aliyeondolewa. Wakati huo huo vijana wa misheni, Wakristo waliosoma Magila na Kiungani, wakaonekana kuwa na kitu kilichotakiwa na mabwana wapya, nacho ni Kiingereza. Wale wa kwanza waliona wamenyang'anywa, na hawa wa pili waliona zamu yao imefika. Ofisi ni moja, meza zimekaribiana, na kila jioni kila kundi huenda zake.

Tena palikuwa na ngoma za beni. Wazee waliopata kukaa Mombasa walizijua: Marini na Arinoti, wenye sare, vyeo vya kijeshi na tarumbeta, wakishindana kwa gharama na matusi. Nisizidharau ngoma hizo, maana watu wake walizikana na kuchangiana katika shida, jambo ambalo ndilo asili ya chama chochote cha ustawi. Lakini undugu wao ulisimama juu ya mashindano. Ili upande mmoja upendane, sharti uwepo upande wa pili wa kushindwa.

Tarehe 24 Machi 1922 Kayamba alianzisha mjini Tanga Chama cha Waafrika Watumishi wa Serikali ya Tanganyika. Kiliandikwa hivyo kwa ukubwa, kana kwamba ni cha nchi nzima, ingawa kilikuwa cha mji mmoja na watu si wengi. Sharti la kuingia lilikuwa kazi ya Serikali. Dini haikuulizwa, wala kabila halikuulizwa. Makarani na walimu, Wakristo na Waislamu, wa shule ya Wadachi na wa misheni, wakaketi pamoja.

Walifanya nini? Mwenye kutafuta mambo makubwa hatayaona. Walikuwa na mahali pa kukutana baada ya kazi. Walisoma magazeti, na tangu mwaka 1923 Serikali ilipoanza kutoa Mambo Leo, wasomaji wa Kiswahili walikuwa na gazeti lao la kila mwezi la kujadiliana. Palikuwa na masomo ya jioni. Palikuwa na timu ya mpira. Tena walizungumza juu ya mishahara na hali ya kazi, wakayapeleka maombi yao mahali pake kwa adabu na kwa maandishi.

Mimi ni karani, nami nimehamishwa vituo vitatu, kwa hiyo mniruhusu niseme neno juu ya mambo hayo madogo. Karani aliyehamishwa hana shamba mahali alipo, wala hana rika. Wenyeji humwona kuwa mtu wa Serikali, na Serikali humwona kuwa mwenyeji. Akiugua, jirani hajui amwarifu nani. Saa kumi na moja jioni akitoka ofisini, njia zilizo wazi mbele yake ni chumba chake, kilabu cha pombe, au nyumba ya mungu wake, na hiyo ya tatu humkutanisha na wale tu wanaosali kama yeye. Kayamba aliwafungulia wenzake njia ya nne. Ndiyo maana nawaomba wazee wasiucheke ule mpira. Mtu anayekupasia mpira leo jioni si rahisi kumficha faili kesho asubuhi, na watu kumi na mmoja uwanjani hawawezi kuulizana nani ametahiriwa wapi na nani amebatizwa na nani.

Masomo ya jioni nayo yalikuwa na maana kuliko yanavyoonekana. Kwa yule Mwislamu aliyesoma kwa Wadachi, Kiingereza ndicho kilichokuwa ukuta kati yake na cheo. Chama kilichowapa watu wote nafasi ya kujifunza kiliwataka wenye Kiingereza washirikiane na wasiokuwa nacho faida waliyoweza kuishika peke yao. Katika miji mingi ya wakati ule watu walilinda faida zao kwa meno.

Mwaka 1923 Kayamba alifanywa karani mkuu katika ofisi ya wilaya ya Tanga. Kazi hiyo ilikuwa imezoewa kuwa ya watu wa Asia. Alikusanya makarani wa Kiafrika, na ofisi ikaendeshwa nao. Sisi tunaofanya kazi leo katika ofisi ambazo kila meza imekaliwa na mwenyeji hatuwezi kuona ajabu yake, lakini wakati ule macho mengi yaliitazama ofisi ile yakingojea hesabu zipungue au barua zipotee. Kosa la karani mmoja lingeandikwa kuwa kosa la taifa zima. Nadhani ndiyo sababu Kayamba alikuwa mtu mkali kwa nidhamu, mwenye kuvaa kwa uangalifu na kuandika kwa uangalifu. Baadaye Waingereza walimtunukia nishani ya MBE.

Lakini chama chake kilikuwa na upungufu, nami sitauficha kwa kuwa namheshimu. Jina lenyewe lilifunga mlango. Nje ya mji wa Tanga walikuwako maelfu ya manamba, watu waliokuja kwa mkataba kutoka mbali kukata mkonge, wenye upweke mkubwa zaidi kuliko upweke wa karani. Walikuwako wavuvi, wapagazi wa bandari, wakulima wa Bonde, na wake wa makarani wenyewe. Hao wote hawakuwa watumishi wa Serikali, basi hawakuwa na kiti. Wazee wa Njuri Ncheke wanajua faida ya kuchagua wanaoingia: neno huheshimiwa likitoka kwa watu waliopimwa. Ila Njuri haikai kwa ajili ya walio ndani tu, hukata mashauri ya nchi nzima, na maskini aweza kuleta shauri lake mbele yake. Klabu ya Tanga haikufika hapo. Iliwaunganisha watu waliotengwa na dini na shule, ikawaacha waliotengwa na umaskini.

Na Serikali yenyewe ikabadili mwendo. Gavana Sir Donald Cameron alipokuja mwaka 1925 alileta siasa ya kutawala kwa njia ya machifu wa jadi. Karani aliyedhani kwamba elimu ndiyo ngazi ya kupandia akaona ngazi imehamishiwa nyumba ya pili.

Jambo hilo lilionekana wazi mwaka 1931. Walowezi wa Kenya walikuwa wakitaka nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanganyika, ziunganishwe, na Waafrika wengi waliogopa kwamba muungano huo ungekuwa utawala wa walowezi kwa jina jingine. Bunge la Uingereza liliteua kamati ya kuwasikiliza watu wa nchi zote. Tanganyika ilipeleka mashahidi watatu wa Kiafrika: Chifu Makwaia wa Shinyanga, Francis Lwamgira wa Bukoba, aliyekuwa mwandishi wa baraza la watawala wa Bukoba, na Martin Kayamba. Wengine walisemea wenyeji wa nchi zao chini ya machifu. Kayamba ndiye aliyekwenda kwa nguvu ya kalamu na ya watu aliokuwa akiketi nao Tanga.

Kenya nayo ilipeleka watatu: Chifu Koinange wa Mbiyu, Mkikuyu, Ezekiel Apindi, Mjaluo, na James Mutua, Mkamba. Hapakuwa na Mmeru. Nalitaja hili si kwa uchungu, bali kwa sababu watoto wetu hudhani mashauri ya nchi hii yalianza walipozaliwa. Koinange alisema juu ya ardhi, na mwaka 1932 tume ya ardhi ya Kenya ikaanza kazi. Uganda ilikuwa na Serwano Kulubya wa Buganda.

Watu wa Tanganyika waliukataa muungano. Kayamba aliijua Kenya. Alijua kwamba huku Mwafrika alichukua kipande, na kwamba mlowezi alikuwa na sauti katika baraza la kutunga sheria ilhali mwenyeji hakuwa nayo. Kamati ilipotoa uamuzi wake mwaka huo huo, ilisema wakati wa kuziunganisha nchi hizi haujafika. Sisemi kwamba Kayamba peke yake aliuzuia muungano, maana wapinzani walikuwa wengi, hata miongoni mwa Wazungu. Lakini alisimama katika chumba cha Bunge, mjini London, akajibu maswali ya mabwana wa dola kwa Kiingereza chao, na hakuyumba. Aliporudi aliandika kitabu cha Kiswahili, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilichotolewa mwaka 1932. Alitaka wenzake wasiopata nafasi ya kusafiri wasafiri pamoja naye, nami naona jambo hilo lilitoka katika roho ile ile ya chumba cha magazeti cha Tanga.

Mwaka huo huo wa 1932 alipandishwa cheo akahamishiwa Dar es Salaam, katika ofisi kuu ya Serikali, kuwa msaidizi katika mambo ya wenyeji. Wakati ule hapakuwa na Mwafrika katika ofisi za Serikali ya Tanganyika aliyefika juu kuliko yeye. Marafiki walifurahi, na ilikuwa haki yao kufurahi. Lakini katika ofisi kubwa mtu mmoja mweusi huulizwa maoni mara nyingi, na maoni yake hufuatwa mara chache. Huko Tanga alikuwa na wenzake. Dar es Salaam alikuwa na cheo.

Na klabu je? Iliyumba. Ilikuwa imejengwa juu ya juhudi, adabu na ujuzi wa mtu mmoja, na alipoondoka hapakuwa na wa kuibeba kama yeye. Nimeisoma sehemu hii ya habari zake mara nyingi kuliko nyingine. Katika chama chetu pia daftari limekaa na mkono mmoja kwa miaka, na sanduku na ufunguo wake hulala nyumba moja. Si kwamba mwenye mkono huo si mwaminifu. Hata Kayamba alikuwa mwaminifu.

Mwaka 1929, Kayamba akiwa bado Tanga, kilianzishwa Dar es Salaam Chama cha Waafrika. Rais wake wa kwanza alikuwa mwalimu Cecil Matola, Mkristo, na mwandishi wake Kleist Sykes, Mwislamu. Kule kuketi pamoja kwa watu wa dini mbili, kulikojaribiwa Tanga miaka saba kabla yake, hapo kulikuwa jambo la kawaida. Ila chama hiki hakikuuliza mtu anaandika katika ofisi ya nani. Kilikuwa cha Waafrika, basi. Matawi yake yakaenea mpaka mikoa ya ndani, na wakulima na wafanya biashara wakaingia pamoja na makarani.

Kayamba alistaafu mwaka 1938. Hakupumzika sana, maana mauti yalimkuta mapema, kabla hajafika miaka hamsini. Aliacha maandishi. Mwaka 1948 vitabu vyake viwili vya Kiingereza vilichapishwa, kimoja juu ya safari yake ya Ulaya, cha pili juu ya matatizo ya Mwafrika. Katika hicho cha pili yule karani aliyesifiwa na Waingereza kwa utii anaonyesha wasiwasi mwingi juu ya vijiji vinavyoachwa na watu na desturi njema zinazopotea. Waliomwona kuwa kibaraka tu na wakisome.

Mwaka huo huo wa 1948 Chama cha Waafrika kilichukua jina la Tanganyika African Association. Mwaka 1953 kilimchagua mwalimu Julius Nyerere kuwa rais wake, na tarehe 7 Julai 1954 kikawa TANU. Katika mikutano ile ya kwanza ya matawi palikuwa na makarani wengi, wenye daftari mikononi, wakiandika majina na ada za wanachama wasiojua kuandika.